Ujanja wa jiji uanzie mtaroni

Ukifika Ruiru unakutana na miji miwili. Wa kwanza ni Tatu City, eka 5,000 hivi zilizokuwa mashamba ya kahawa. Huko ramani ilichorwa kwanza, nyumba zikafuata.

Wa pili ni huu wetu wa keja na bodaboda. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 Ruiru. Ya 2019 ikapata 490,120. Zaidi ya maradufu! Thika Superhighway, iliyofunguliwa 2012, ilitusogeza karibu na Nairobi, gorofa zikaota haraka kuliko mabomba ya majitaka. Mvua ikinyesha, hali ya mtaa unaijua mwenyewe.

Sasa usikae ukitamani ya jirani tu. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inakupa wewe mkaazi haki ya kushiriki katika mipango ya mji wako. Kaunti ya Kiambu ikiitisha maoni kuhusu bajeti, nenda, na ubebe beshte. Msianze na waifai na kamera. Daini mtaro, taa na njia ya kutembelea.

Mji wenye programu ya kulipia maegesho, huku mama mboga akiruka majitaka, haujaerevuka bado.