Kila Saa Nane

Mama mmoja wa Chamazi alirudi kwenye dirisha langu la dawa siku ya tatu, mtoto mgongoni, homa haijakata. Alishika bahasha ya antibiotiki ambayo vidonge vyake vilibaki vingi mno. Mwandiko wa kwenye bahasha ulikuwa wangu: "kidonge 1 kila saa 8". Naye alitii kama nilivyoandika. Kila ilipofika saa nane mchana kidonge kimoja kiliyeyushwa, mtoto akanyweshwa, ikangojwa kesho yake.

Nilimrudisha kwanza kwa daktari, mtoto akapimwa upya. Tangu siku hiyo naziangalia bahasha zangu kwa jicho jingine, maana yule mama hakukosea Kiswahili. "Kila saa nane" ni muda wa kungoja, na ni vilevile wakati wa siku. Walimu wetu walitukataza kusema "masaa", na kwenye insha nitawatii. Dirishani nasema "kila yakipita masaa manane" bila kuona haya, kwa sababu hilo "ma" linatenganisha mambo mawili ambayo yakichanganyika mtoto haponi. Kisha nataja nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Na kwa kuwa simu nyingi husoma saa 2 asubuhi kama 8:00, anayetaka kutegesha kengele namwomba aitegeshe palepale mbele yangu.

Sisi wafamasia tumerithi maandishi ya mkato ambayo tumeyazoea hata hatuyaoni tena. "1x3" kwetu ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Aliyesoma hesabu shuleni anaona moja mara tatu, jibu tatu, anaweza kuvimeza vyote kwa mkupuo. Mwingine anaelewa kimoja kwa siku tatu. Hata "kutwa mara tatu", inayoonekana safi, ina tatizo lake: kutwa huanza jua likichomoza na kuisha likizama, ndiyo maana tunasema kutwa kucha tukitaka kuuingiza usiku. Basi mgonjwa anameza asubuhi, mchana na jioni, halafu usiku mzima unapita bila dawa.

Neno linalonisumbua zaidi ni dozi. Kwa watu wetu dozi ni dawa yote tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho, ndiyo maana tunahimizana "maliza dozi". Kwa malaria neno hilo linafaa sana. Likihamia kwenye presha au kisukari linaangusha watu. Mzee anapewa vidonge vya mwezi mmoja, anavimeza vyote kwa uaminifu, anajisikia vizuri, anatangaza nyumbani kuwa amemaliza dozi. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ya presha huizuia presha isipande bila kuiondoa, na kwamba vidonge vikikaribia kwisha anatakiwa kurudi kuchukua vingine. Miezi kadhaa baadaye analetwa upande mmoja wa mwili umepooza, na sisi tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa aliacha dawa. Nadhani ilikuwa haki tuandike pia kwamba hatukumweleza.

Malaria nayo ina historia iliyotuachia mazoea. Hadi 2001 tiba ya kwanza nchini ilikuwa klorokwini. Ikaja SP, vidonge vitatu kwa mtu mzima, mara moja, basi. Mwaka 2006 serikali ikabadilisha tena ikaleta dawa mseto, ALu, na hii haimezwi mara moja. Mtu mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24. Vya mara ya pili huja masaa manane baada ya vya kwanza: aliyeanza saa 8 mchana anasubiriwa na vidonge vingine saa 4 ya usiku uleule, ndipo siku zinazofuata aendelee asubuhi na jioni. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, hata maziwa au karanga, la sivyo mwili huifyonza kidogo. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, kwa hiyo vidonge vya kaka mtu havigawanywi kwa kukisia. Siku ya pili homa imeshuka, na hapo ndipo vinavyobaki huwekwa kabatini kuwa akiba. Vimelea huwa bado havijaisha.

Yule mama wa Chamazi alinifundisha jambo la pili. Mchana hashindi na mtoto. Anauza mbogamboga Mbagala Rangi Tatu, na anayemnywesha dawa ni mama mkwe, asiyejua kusoma. Maneno yangu yalikuwa na safari ndefu kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimemuuliza, kama tunavyouliza wote, "Umeelewa, mama?" Naye akajibu ndiyo, kwa sababu nyuma yake palikuwa na foleni, na kumwambia mtu wa hospitali kwamba hukuelewa ni kama kumkosea adabu.

Safari hii sikuuliza hivyo. Nilichora kwenye bahasha jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kila mchoro na duara moja chini yake. Nikampa, nikasema, "Mama, nifanye mimi ndiye bibi yake. Nielekeze."

Akaweka kidole kwenye jua la kwanza, akaeleza. Kwenye la pili, akaeleza. Alipofika kwenye mwezi akasita, akaniangalia.

"Hapa, dokta, ni kabla hatujalala, au tumwamshe katikati ya usiku?"