Wasiwasi Wakati wa Ukomo wa Hedhi: Namna ya Kurekebisha Tiba ya Homoni

Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55. Katika miaka inayotangulia, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio. Kwa kuwa homoni hiyo huathiri pia sehemu za ubongo zinazosimamia hisia, usingizi na joto la mwili, baadhi ya wanawake hupata joto la ghafla, jasho la usiku, moyo kwenda mbio na wasiwasi usio na sababu ya wazi.

Uchunguzi kabla ya dawa

Katika mji wa Buseresere, wilayani Chato, na katika ukanda wote wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, dalili hizo hazipaswi kuhusishwa na umri peke yake. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, kisha huichoma. Anayevuta mvuke wake kwa muda mrefu huweza kupata wasiwasi, hasira za haraka, kukosa usingizi, kusahau na kutetemeka mikono. Mwanamke anayefanya kazi kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja, na estrojeni haiondoi zebaki mwilini. Kwa hiyo mhudumu wa afya aulize kazi ya mgonjwa na mahali zebaki inapochomewa. Apime pia shinikizo la damu na wingi wa damu, achunguze tezi ya thairoidi, na aulize kwa faragha kuhusu sonona, pombe na ukatili nyumbani.

Kuanza na kurekebisha

Tiba ya homoni husaidia zaidi pale wasiwasi unapoandamana na joto la ghafla na usingizi kukatika. Wasiwasi uliokuwepo tangu ujanani, au usioambatana na dalili hizo, huhitaji kwanza tiba ya mazungumzo au dawa za sonona.

Tiba huanza kwa dozi ndogo, na matokeo hupimwa baada ya miezi 3. Iwapo joto na jasho la usiku bado vinasumbua, dozi ya estrojeni huweza kuongezwa. Iwapo vimetulia lakini wasiwasi umebaki palepale, kuongeza homoni hakutarajiwi kusaidia sana. Hapo chanzo kingine kitafutwe. Mwanamke aliyezidi miaka 45 kwa kawaida hahitaji kupimwa homoni kwenye damu. Dalili zake ndizo huongoza uamuzi.

Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe pia projestojeni, kwa sababu estrojeni pekee huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa mfuko huo. Baadhi ya wanawake huona huzuni na wasiwasi vikizidi siku za projestojeni. Asiiache mwenyewe, daktari anaweza kubadilisha aina yake au njia ya kuitumia.

Dawa nyingine nazo hubadilisha mambo. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi na kabamazepini hupunguza nguvu ya estrojeni, hasa ya vidonge. Kiraka au jeli ya ngozini huepuka sehemu ya tatizo hilo, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge.

Tahadhari

Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa vidonge vya estrojeni na projestojeni kwa pamoja viliongeza kidogo saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Kwa mwenye umri chini ya miaka 60 asiye na vizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Vizuizi hivyo ni pamoja na saratani ya matiti, kiharusi, damu iliyoganda, ugonjwa mkali wa ini, na kutokwa damu ukeni kusikojulikana chanzo.

Vidonge vya uzazi wa mpango vya dukani si mbadala. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, vile vyenye estrojeni ni hatari. Dawa inayofaa ikikosekana kituoni, mgonjwa apewe rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake, kama wale wa Bugando jijini Mwanza. Anayefikiria kujiua apelekwe hospitali siku hiyohiyo.