Honi ya Pikipiki Ikianza Kugongagonga

Vikundi vingi vya Kitui na Makueni siku hizi vina pikipiki. Zamani mwethya ulikuwa wa majembe na karai. Sasa utakuta akina mama wana piki yao ya kupeleka ndengu sokoni, au vijana wanaifanyia boda boda na kuleta hesabu kwa mweka hazina kila wiki. Piki ndogo zilianza kujaa huku baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa zile zisizofika 250 cc, katika miaka ya 2007 na 2008. Piki zimekuja, lakini ujuzi wa kuzitunza umebaki nyuma kidogo. Leo tuangalie kitu ambacho wengi hawakijali mpaka siku ya ajali: honi inayogongagonga.

"Si ni honi tu," utasikia mtu akisema. Lakini fikiria kona za Mbooni na Kilungu, ambapo kona moja inaficha nyingine. Fikiria punda wenye mitungi ya maji, watoto wanaotoka shule wakitembea katikati ya barabara, na mzee ambaye masikio yake yamechoka. Tena barabara ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui kupitia Mutomo sasa ina lami, na magari yanakimbia pale ambapo mbuzi walizoea kujilalia. Honi yenye sauti ya mkebe mtu huisikia, lakini hajui kama anaitwa atoke njiani. Atageuka pole pole kuangalia, na wewe umeshafika. Sheria ya trafiki nayo inataka honi iwe inafanya kazi.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Kuna kelele za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza inatokea piki ikitembea, hata kama hujabonyeza kitu. Ni kama kokoto ndani ya mkebe. Ya pili inatokea ukibonyeza: badala ya kulia, honi inakoroma au inakwaruza. Hizi ni shida tofauti na dawa zake ni tofauti. Mtu asiyejua hilo ananunua honi mpya kwa shilingi mia kadhaa, na akifika nyumbani kelele iko pale pale.

Tuanze na ile ya barabarani. Huku kwetu barabara nyingi za murram zina mawimbi mawimbi, na ukipita hapo kila siku na magunia mawili nyuma, kila nati inalegea. Pengine hata si honi. Inaweza kuwa namba pleti, kioo cha taa au kifuniko cha cheni. Kujua ni rahisi. Simamisha piki kwa stendi kubwa, weka gia huru, washa injini, na mwenzako aongeze mafuta kidogo kidogo. Wewe ishike honi kwa mkono. Kelele ikinyamaza, umempata mwizi. Angalia tu usiguse bomba la ekzosi, maana kwa piki nyingi honi iko mbele, karibu na mahali linapoteremkia, na linachoma vibaya.

Honi imefungwa kwa kibati chembamba. Mara nyingi ni vibati viwili au zaidi vilivyolaliana. Kibati hicho kimetengenezwa kinesenese kwa makusudi, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wakiona kinatikisika wanakata mpira wa tiubu, wanaifunga honi kwa fremu mpaka isitikisike kabisa. Kelele inaisha kweli, lakini na sauti inaisha. Sababu ni hii: honi ikilia, mwili wake wote hutetemeka. Ukiibana kwenye chuma kizito, mtetemeko unamezwa na chuma hicho, kama mtu aliyeweka kiganja juu ya ngoma inayopigwa.

Kwa hivyo usiifunge kwa mpira. Zima injini, chukua spana (mara nyingi namba 10 au 12), kaza bolti ya kushika kibati kwenye fremu na nati ya kushika honi kwenye kibati. Kama zinalegea kila mara, tafuta washa ya springi, au ile nati yenye plastiki ndani. Halafu chunguza kibati chenyewe kwa makini, hasa kwenye pindo na karibu na tundu la bolti, kwa sababu hapo ndipo kinapopasuka. Kikiwa na ufa usikipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Moto unaondoa ule unesaji wa springi, na baada ya siku chache kitavunjika pembeni ya mahali palipochomelewa. Afadhali utafute kingine, hata cha honi kuukuu. Mwisho, hakikisha kuna nafasi ya kama kidole kimoja kuzunguka honi yote. Zungusha usukani kushoto na kulia, uone kama kuna kebo inayoigusa. Mdomo wa honi uelekee chini kidogo ili maji ya mvua yasitulie ndani.

Sasa ile kelele ya pili, ya kukoroma. Hapa inasaidia kujua kilicho ndani. Kuna koili ya waya ambayo ikipata stima inakuwa sumaku. Sumaku inavuta bati jembamba la mviringo, lililotandazwa kama ngozi ya ngoma. Bati likivutika linafungua pointi ndogo, stima inakatika, bati linarudi, pointi zinakutana tena. Mchezo huo unarudiwa karibu mara 400 kwa sekunde moja, na hiyo ndiyo sauti unayoisikia. Stima ikiwa kidogo, au pointi zikiwa chafu, mchezo unakwenda kwa kusitasita, na honi inakoroma.

Basi anza na betri, si honi. Bonyeza honi injini ikiwa imezimwa. Halafu washa injini, ongeza mafuta kidogo, ubonyeze tena. Sauti ikiwa safi injini ikiwaka na mbaya ikizimwa, shida yako kubwa ni betri. Fundi mwenye mita akipima betri ya volti 12 iliyochajiwa vizuri na kupumzika, ataona kama 12.6. Ikiwa chini ya 12, imechoka au haichajiwi. Kama ni betri ya kuongezwa maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi, na tafadhali sana si maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hiyo inaua betri. Zile zilizofungwa kabisa usizifungue.

Betri ikiwa nzima, fuata waya. Chomoa zile mbili zilizo nyuma ya honi. Ukiona ukoko wa kijani au kutu, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha zirudishe zikaze. Fanya hivyo hivyo kwa waya wa eathi, ule unaotoka betri kwenda kwa fremu. Ungeshangaa ni honi ngapi zilizotupwa kwa sababu ya kutu kidogo tu.

Bado inakoroma? Ifungue kwenye piki, uipige brashi kavu utoe vumbi na matope. Usiimwagie maji wala mafuta ya taa. Halafu ipe stima moja kwa moja kutoka betri kwa nyaya mbili, ukiwa umeishika kwa kibati chake. Funga nyaya kwa honi kwanza, kisha gusisha betri kidogo tu. Nyaya zisigusane, zitawaka. Ikilia vizuri hapo, honi ni nzima na shida iko kwa swichi au waya za njiani. Ikikoroma, sasa ndiyo tunafika kwa skrubu.

Skrubu hiyo ndogo iko nyuma, mara nyingi imefunikwa kwa rangi au nta. Usiichanganye na nati kubwa ya katikati, upande wa mbele. Hiyo usiiguse kamwe. Weka alama mahali skrubu ilipo, ili ukipotea ujue njia ya kurudi. Izungushe kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, halafu bonyeza honi kwa muda mfupi usikilize. Sauti ikizidi kuwa mbaya, rudi upande mwingine. Usishikilie kitufe kama honi imenyamaza, kwa sababu pengine pointi zimeshikana na koili inachemka bila wewe kujua. Ukipata sauti safi, dondoshea skrubu rangi ya kucha. Hakuna kikundi cha akina mama kitakachokosa chupa ya rangi ya kucha, na inashika skrubu vizuri kuliko gundi nyingi.

Neno moja kwa vijana wanaofunga honi za gari au lori ili wasikike mpaka Emali. Honi hizo zinakula stima nyingi kuliko ile ya piki, na swichi ndogo ya kwenye usukani haikutengenezewa mzigo huo. Inaungua pole pole, na siku moja usiku hakuna honi yoyote, ndogo wala kubwa. Anayetaka lazima atumie relei na fyuzi yake, na aangalie kama betri yake inaweza. Kwa maoni yetu honi ya kawaida iliyotunzwa inatosha.

Kama umefanya yote haya na bado inakoroma hata kwa betri nzuri, pointi za ndani zimeungua na hiyo honi imekwisha. Nunua nyingine, ukiangalia imeandikwa 12V. Ile ya zamani usiitupe kabla ya kufungua kibati chake na nati zake. Weka katika mkebe wa spea wa kikundi, maana honi nyingine za dukani huuzwa bila kibati.