Pombe za Ukambani, Sehemu ya Pili: Muatini, Kuanzia Mbegu Hadi Tunda Kavu

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu asali na miwa, yaani utamu ambao pombe ya Ukambani hutokana nao. Leo nageukia kile kinachougeuza utamu huo kuwa pombe. Nitaanza na mmea wa kigeni, kwa sababu wapo wakulima wa Kitui na Makueni wanaouliza kama hopsi, mmea unaoipa bia ya chupa uchungu wake, unaweza kustawi shambani kwao. Jibu langu ni kwamba hautawalipa, na kwamba mti unaostahili jasho lao tayari umesimama kando ya mito yao.

Hopsi hutambaa. Katika msimu mmoja hupanda kamba hadi kupita mita 5. Hulimwa kwa wingi Hallertau kule Ujerumani, katika bonde la Yakima nchini Marekani na huko Kent, Uingereza, mahali ambapo mchana wa kiangazi hufika saa 15 au 16. Mmea huutumia mchana huo mrefu kurefuka, kisha siku zikianza kufupika ndipo huchanua. Mji wa Kitui uko karibu digrii 1 kusini mwa ikweta, na Wote karibu digrii 2, kwa hiyo mchana wa huko ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Hopsi ikipandwa huko huchanua ingali fupi, na mavuno yake huwa haba. Afrika Kusini, katika eneo la George, ambalo liko mbali na ikweta kwa digrii 34, wakulima walilazimika kuwasha taa mashambani ili kuirefushia hopsi mchana, hadi zilipopatikana aina zinazovumilia siku fupi. Sioni mkulima wa Kibwezi, ambaye maji peke yake ni mzigo, akibeba na gharama hiyo.

Basi tuje kwa muatini. Waswahili wa pwani huuita mvungunya au mwegea, Wakikuyu na Wameru muratina, Wajaluo yago, na wataalamu wa mimea Kigelia africana. Ni ule mti wenye matunda marefu ya kijivu yanayoning'inia kwa vikonyo virefu. Tunda moja laweza kufikia urefu wa zaidi ya nusu mita na uzito wa kilo 5 au hata zaidi, na ndiyo maana mtu mwenye akili halali chini yake wala haegeshi gari hapo. Maua yake, mekundu ya kuiva kama damu nzito, hufunguka usiku, na popo ndio wachavushaji wake wakuu. Anayefukuza popo shambani kwake ajue anafukuza na matunda.

Nimesikia watu wasomi wakisema muatini ndio hopsi ya Wakamba. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini inapotosha, na upotofu wake una madhara jikoni. Hopsi haichachushi chochote. Kazi yake ni kutia uchungu na harufu, na kuzuia baadhi ya bakteria wanaoiharibu bia. Asidi zilizomo katika unga wake wa manjano hutoka bia inapochemshwa, na ndizo zinazofanya kazi hiyo. Anayeigeuza sukari kuwa kileo ni hamira. Sasa tunda la muatini lililokaushwa vizuri ndilo makao ya hamira hiyo: nyuzi zake huishikilia kama sifongo linavyoshika maji, na hamira hiyo hulala humo ikiwa kavu, ikisubiri maji matamu. Kwa hiyo muatini hufanya kazi ya hamira. Hauhifadhi pombe. Ndiyo sababu kaluvu, pombe hiyo ya Ukambani, hunywewa siku moja au chache baada ya kuiva, nayo bia ya hopsi hukaa kwenye rafu kwa miezi. Anayetarajia tunda litamlindia pombe yake kwa wiki mbili atamwaga mtungi mzima.

Kupanda si kugumu. Mbegu hupatikana ndani ya matunda yaliyokomaa na kuanguka yenyewe. Hutolewa katika nyama yake ngumu, zikaoshwa, zikaatikwa kwenye mchanga wa mtoni uliolowanishwa, mahali penye joto na kivuli chepesi. Kwa kawaida huota kati ya siku 10 na 25. Miche ihamishiwe kwenye mifuko ikishapata majani ya kutosha, na ikapandwe shambani mvua za Novemba zinapoanza, kwa maana Ukambani mvua hizo ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi hadi Mei. Muatini hupenda unyevu wa chini ya ardhi, kwa hiyo mahali pake ni ukingoni mwa mto wa msimu, karibu na bwawa la mchanga, au chini ya matuta yanayokusanya maji. Usipandwe karibu na nyumba wala juu ya njia ya watoto wa shule. Ukipata maji na kukingwa dhidi ya mbuzi katika miaka ya mwanzo, hukua upesi, lakini matunda ya kwanza yanaweza kuchukua miaka 6 au zaidi. Aliye na haraka asianze. Aliye na shamba la urithi, na watoto wa kuwaachia, ana kila sababu.

Mavuno yake yana jambo moja la kuzingatia kuliko yote: tunda bichi ni sumu. Huharisha vikali na huweza kuchoma mdomo. Asiliweke mtu ulimini, wala asilitie mtungini likiwa bichi kwa kudhani kileo kitaua ubaya wake. Huchumwa au kuokotwa likiwa limekomaa, likapasuliwa kwa urefu, likaanikwa juani. Likikauka huchemshwa, na maji yale yakamwagwa yote. Kisha huanikwa tena. Hatua inayofuata ndiyo inayoligeuza kutoka gogo kavu kuwa chombo cha kazi: hutumbukizwa katika maji kidogo ya miwa, mahali penye joto, kwa muda wa saa 24, mara nyingi pamoja na tunda la zamani lililokwisha kuchachusha. Hapo hamira huingia katika nyuzi na kuzaana. Tunda hutolewa, likaanikwa kwa mara ya tatu, na sasa liko tayari kwa pipa la maji ya miwa au ya asali, ambalo litaiva kwa siku 1 hadi 4 kulingana na joto.

Kuna tofauti kati ya maanikio haya ambayo wengi hawaijali. Maanikio mawili ya kwanza yanaweza kuwa ya jua kali, kwa sababu tunda halijabeba uhai wa kulindwa. La tatu ni tofauti. Hamira hufa joto likipita nyuzi 50 hivi, kwa hiyo tunda lililokwisha kupokea hamira lisisogezwe kwenye makaa wala kulazwa juu ya bati linalounguza mkono. Liwekwe juu ya wavu au utepe wa sisali uliosukwa, ligeuzwe, lipate upepo pande zote. Wakulima wa hopsi nao hukausha kwa uangalifu huohuo ingawa kwa sababu nyingine: hopsi mbichi ina maji karibu asilimia 80, nao huyapunguza hadi kama asilimia 10 kwa hewa ya vuguvugu, kwani joto kali hupeperusha mafuta yenye harufu. Hata yule anayekausha gunia moja nyumbani huzitandaza kwenye wavu kivulini badala ya kuzirundika.

Utajuaje kwamba tunda limekauka? Lipime kwenye mizani leo jioni na kesho jioni. Uzito ukiendelea kupungua, bado. Ukitulia, litie katika mfuko wa kitambaa au wa gunia safi na ulitundike mahali pasipo unyevu. Mfuko wa plastiki hufungia jasho la tunda ndani na kuzalisha ukungu. Tunda lenye ukungu wa kijani, wa manjano au mweusi litupwe lote. Kukwangua juu hakusaidii, maana mizizi ya ukungu imekwisha kupenya ndani. Tunda safi, likioshwa na kuanikwa baada ya kila pombe, hutumika tena na tena, na ndiyo maana katika maboma mengi lilihesabiwa miongoni mwa mali za mzee.

Sisemi haya kwa kupenda usafi tu. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, sumukuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu iliwapata watu 317, na 125 kati yao wakafa. Hakuna mahali pengine Kenya ambapo gharama ya kukausha nusunusu imelipwa kwa uchungu kama hapa. Ninamwomba kila anayeanika chochote cha kuingia tumboni aikumbuke hesabu hiyo.

Kinachonihuzunisha zaidi ni kwamba miti yenyewe inapungua. Muatini hukaa ukingoni mwa mito, na ukingo huo ndio unaochimbwa mchanga wa kujengea Nairobi. Mchanga ukiondoka, maji ya chini ya ardhi hushuka, kingo huporomoka, na mti uliosimama tangu enzi za mababu huanguka kwa mafuriko ya usiku mmoja. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na Kitui ikapiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018. Hatua hizo ni njema, lakini hazipandi mti hata mmoja. Kaunti zina vitalu vya miche. Ni haki muatini upewe nafasi humo kando ya miembe na michungwa.

Kuna na suala la uhai wa wanywaji. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwemo, baada ya kunywa vileo vilivyotiwa methanoli. Sumu ile haikutoka katika tunda wala katika asali. Ni kemikali ya viwandani iliyochanganywa na watu waliotaka faida ya haraka. Pombe iliyochachushwa kwa muatini, isiyotoneshwa na isiyoongezwa kitu, haina hatari ya aina hiyo, ingawa hulewesha kama kileo kingine chochote na huharibu nyumba ya asiyejua kiasi. Na anayetaka kuiuza ajue kwamba Katiba ya 2010 iliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa kaunti, na kwamba ni kosa kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kibuyu cha wazee kwenye mazungumzo ya mahari ni jambo moja. Biashara ni jambo jingine, na leseni hutangulia pipa.

Mwenye ukingo wa mto Athi, Tiva, Thwake au Kibwezi, okota tunda lililoanguka kabla ya Oktoba, toa mbegu zake, na uwe na miche mkononi mvua ya Novemba inapofika. Wiki ijayo: mzinga wa gogo na mzinga wa kisasa, na upi unafaa nyanda kavu.