KUPE WA SAMAKI KATIKA TANGI LA MAJI YA CHUMVI

Kila mfugaji wa ng'ombe amjua kupe. Ajua pia kwamba kumwondoa kupe aliye mwilini hakutoshi, maana wenziwe wangali majanini wakingoja. Wakulima wa skimu za pwani, kama Mtwapa na Ngerenya, wanaotaka kufuga mwatiko au mkizi kwa maji ya bahari, yafaa walikumbuke jambo hili. Samaki naye ana kupe wake, na tangi moja lenye wadudu laweza kumaliza vifaranga vyote kabla havijatiwa bwawani.

Mjue samaki mzima

Ukifika Mombasa, shika Ndia Kuu kutoka Ngome ya Yesu uelekee upande wa bandari ya kale, uende kwa wauza samaki. Mwombe muuzaji akufunulie matamvua, yaani mahali samaki apumuliapo, ya samaki aliyevuliwa alfajiri ile. Matamvua mazima ni mekundu, na macho ni maangavu. Hayo uyaweke moyoni, kisha umtazame samaki wako.

Dalili za wadudu

1. Madoa meupe kama punje za chumvi, ngozini na mapezini. Mdudu huyu huingia chini ya ngozi.
2. Vumbi jembamba la manjano, na samaki ahema upesi. Mdudu huyu aweza kuua kwa siku chache.
3. Samaki ajisugua tangini, na macho yana ukungu. Hao huenda ni minyoo bapa, nao ni vigumu kuonekana.
4. Chawa watambaao ngozini. Hawa waonekana kwa macho.

Namna ya kuwaondoa

Kwa minyoo bapa na chawa, mwogeshe samaki katika maji yasiyo na chumvi kwa dakika 3 hadi 5, nawe usiondoke. Maji yawe na joto sawa na yale ya tangi. Yakiwa ya mfereji, yaache wazi siku nzima ili klorini itoke. Mwatiko na mkizi wayavumilia maji hayo, lakini samaki akilala ubavu, mrudishe mara moja. Rudia baada ya siku chache, kwani mayai ya minyoo hubaki tangini.

Kwa vumbi la manjano, usingoje. Mwite afisa wa uvuvi siku hiyo hiyo.

Madoa meupe ndiyo huwadanganya watu wengi. Baada ya siku 3 hadi 7 madoa hutoweka, na mwenye samaki hufurahi. Kumbe mdudu ameanguka chini, amejifunika ganda, na ndani yake anazaana. Kila ganda laweza kutoa mamia ya wadudu wapya. Kwa hiyo, kila baada ya siku 3 wahamishie samaki katika tangi jingine safi lenye maji mapya ya bahari, mara 4. Tangi wanalotoka lisuguliwe na likaushwe juani kabisa. Usipoweza kulikausha, liache bila samaki muda wa siku 76.

Yasiyofaa

Usitie dawa ya shaba kwa kukisia. Shaba huua kamba na kaa, na haifai kwa samaki wa kuliwa bila shauri la mtaalamu. Wala usimwage maji ya tangi lenye ugonjwa katika hori.

Karantini

Kama vile ng'ombe mgeni asivyochanganywa na kundi, vifaranga vipya vikae peke yao siku 30, na wavu wao uwe mbali.

Ukishindwa, mwone afisa wa uvuvi wa kaunti yako. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, wako Mkomani, ng'ambo ya maji ukiwa Mji wa Kale. Samaki wa kuchunguzwa apelekwe akiwa hai ndani ya maji yake, maana wadudu wengi humwacha samaki akiisha kufa.