Jina Hurithiwa, Kasi Hugharimiwa

Kyle Petty alishinda mbio 8 katika ligi kuu ya NASCAR, mashindano makubwa ya magari nchini Marekani. Zote alizishinda akiendesha magari ya watu wengine. Katika timu ya nyumbani kwao, iliyoanzishwa na babu yake na kupaishwa na baba yake, hakuonja ushindi wa ligi kuu hata mara moja. Mashabiki wengi wamehukumu kwamba kipaji kilipungua njiani. Hukumu hiyo inamwonea. Anayetaka kuyaelewa maisha ya dereva huyu aanze kwa kuuliza timu ya mbio ni kitu gani, na mrithi anapokabidhiwa anapokea nini hasa.

Mzee Lee Petty, babu yake, aliishi Level Cross, kijiji cha jimbo la North Carolina. Mwaka 1949, katika mbio za kwanza kabisa za ligi hiyo mjini Charlotte, aliingia na Buick ya kuazima, akaipindua. Baadaye alinyakua ubingwa wa 1954, 1958 na 1959, pamoja na Daytona 500 ya kwanza mwaka 1959, ambayo mshindi wake alitangazwa siku tatu baadaye, picha zilipokwisha kuchunguzwa. Kwa Lee, mbio zilikuwa riziki ya watoto. Mwaka huohuo, huko Lakewood, Atlanta, mwanawe Richard alipepewa bendera ya ushindi kwa mara ya kwanza. Aliyekata rufaa alikuwa baba mtu. Hesabu za mizunguko zikakaguliwa upya, ushindi akapewa Lee.

Ajali mbaya ya Daytona mwaka 1961 ilimwondoa mzee mstari wa mbele, na mikoba ikamwangukia Richard. Mdogo wake, Maurice, alisuka injini. Binamu yao, Dale Inman, akawa fundi mkuu. Utatu huo ulitikisa Marekani. Mwaka 1967 Richard alishinda mbio 27, kati ya hizo 10 mfululizo. Alistaafu mwaka 1992 akiwa na ushindi 200 na ubingwa mara 7. Enzi hizo familia yenye karakana nyuma ya nyumba iliweza kununua gari la kawaida, kulivua, kuliimarisha na kulipeleka uwanjani. Maarifa yote yalikaa vichwani mwa ndugu, na ndugu walikula meza moja.

Kyle alizaliwa mwaka 1960 katikati ya utukufu huo. Februari 1979, akiwa na miaka 18, aliingia mbio zake za kwanza, za daraja la chini la ARCA pale Daytona, akashinda. Kuanzia siku hiyo kila mtu alimsubiri awe Richard wa pili. Lakini ushindi wa ligi kuu haukuja, na msimu wa 1984 ulipokwisha aliondoka nyumbani kwenda kwa Wood Brothers, timu ya familia nyingine kutoka Virginia. Februari 1986, mjini Richmond, magari yaliyokuwa mbele yake yaligongana mbio zikikaribia kwisha, naye akapenya na kushinda. Hivyo babu, baba na mjukuu wote wakawa wameshinda ligi kuu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika familia nyingine kabla yao. Mwaka 1989 alihamia kwa tajiri Felix Sabates, akamaliza msimu katika nafasi ya 5 mwaka 1992 na tena 1993. Ushindi wake wa mwisho aliupata Dover, mwaka 1995.

Mwaka 1997 alianzisha timu yake mwenyewe, na miaka miwili baadaye akaiunganisha na ile ya baba. Hapo ndipo alipoubeba urithi wenyewe, akiwa dereva na kiongozi kwa wakati mmoja.

Timu ya mbio inasimama juu ya mafiga matatu: mafundi, mdhamini na taarifa za majaribio. Mashine na majengo ni vyombo tu, na enzi za Kyle gari la mwaka uliopita lilikuwa kuukuu kabla msimu mpya haujaanza. Tuanze na taarifa. Timu yenye magari manne iliweza kujaribu mipangilio minne ya springi na matairi asubuhi moja, kisha mchana madereva wote wakautumia ule uliofaulu. Timu ya gari moja au mawili ilihitaji wikiendi kadhaa kujifunza kitu hichohicho, na msimu haukumsubiri mtu. Rick Hendrick, mmiliki wa timu aliyeingia ligi kuu mwaka 1984, alionyesha jinsi magari mengi chini ya mwajiri mmoja yanavyozalisha maarifa, na matajiri wengine wakafuata.

Mdhamini naye hufuata ushindi. Zawadi za mbio hazitoshi kulipa gharama za msimu, kwa hiyo rangi na maandishi ya kwenye boneti ndiyo mishahara ya karakana nzima. Timu ikikosa kushinda, mdhamini hupunguza fedha; fedha zikipungua, mafundi bora huondoka. Nao mafundi walikuwa wamejazana kuzunguka Charlotte, ambako mtu aliweza kubadili mwajiri bila kuhamisha familia. Level Cross ilikuwa mbali na soko hilo la kazi. Timu ilihamia Mooresville, karibu na Charlotte, mwaka 2008, wakati ushindi wake wa mwisho ulikuwa wa Aprili 1999, wa dereva John Andretti pale Martinsville.

Katikati ya mapambano hayo, familia ilipigwa pigo ambalo hakuna hesabu inayolieleza. Adam, mtoto wa Kyle na kizazi cha nne cha ukoo huo, alianza ligi kuu Texas tarehe 2 Aprili 2000. Siku tatu baadaye mzee Lee akafariki. Tarehe 12 Mei, akiwa mazoezini New Hampshire, Adam aligonga ukuta na kufa. Alikuwa na miaka 19. Iliaminika kwamba pedali ya mafuta ilinasa. Pedali ikinasa, injini inaendelea kusukuma gari wakati dereva anakanyaga breki, na katika kona hana hata sekunde mbili za kufikiri. Miezi miwili baadaye dereva mwingine, Kenny Irwin, naye alikufa kwenye kona ileile. NASCAR ikaagiza kila gari liwe na swichi ya kuzima injini kwenye usukani, mahali ambapo kidole gumba kinafika bila mkono kuachia. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na madereva wanaokitumia leo wanalindwa na vifo vya vijana wawili.

Kyle alirudi kuendesha, akachukua namba 45 ya gari la mwanawe. Mwaka 2004, familia ilifungua Victory Junction, kambi ya watoto wenye maradhi makubwa, mjini Randleman, katika ardhi iliyotolewa na Richard na mkewe. Watoto huhudhuria bila malipo. Wakati huohuo, wiki nzima Kyle alikuwa akitafuta wadhamini, na mwishoni mwa wiki akishindana na vijana ambao kazi yao ilikuwa moja tu, kuendesha.

Mwaka 2008 wawekezaji walinunua sehemu kubwa ya timu, na Januari 2009 iliunganishwa na timu nyingine. Kyle hakupewa kiti. Ushindi 268 ulifungwa kwenye vitabu, na familia haikuwa na cha kuuza zaidi ya jina na vifaa. Hati za ushiriki, zinazomhakikishia mwenye nazo nafasi katika kila mbio, zilianzishwa baadaye, mwaka 2016. Zilikuwa 36, na baadhi zimeuzwa kwa mamilioni ya dola. Angekuwa na hati kama hizo, Kyle angeingia kwenye mazungumzo ya mauzo akiwa na mali mkononi.

Namba 43, iliyokuwa kwenye gari la Richard, haikufa. Septemba 2022 dereva Erik Jones aliishindisha Darlington, katika timu yenye wamiliki wapya na mtaji mpya. Jambo hilo linathibitisha kwamba jina la Petty lilikuwa na thamani muda wote, ila lilihitaji mbia mapema, wakati bado linashinda na lina nguvu ya kudai masharti mazuri.

Kwa familia yoyote yenye timu ya mbio, naliona fundisho hili kuwa la lazima. Mtoto apelekwe kwa wengine apimwe bila kivuli cha baba, kama Kyle alivyofanya. Akirudi, achague kiti cha dereva au kiti cha mkurugenzi, na mzee amwachie mamlaka kamili ya kile alichochagua. Kyle Petty alibebeshwa vyote viwili, akavibeba akiwa na msiba moyoni, na hakumtelekeza mtu aliyemtegemea. Anastahili kuhesabiwa kwa hilo pia.