Land Rover: Gari la Shamba Lililopanda Cheo

Ukiwauliza wanafunzi wa bweni letu wakutajie motokaa ya fahari kupita zote, wengi watasema Range Rover. Wanaijua kwa picha, na wachache wamepata kuiona ikipita mjini Tabora, nyeusi, vioo vyake vimetiwa giza, ikienda kimya kana kwamba barabara imetandikwa godoro. Lakini ukiwaambia ya kwamba motokaa ile ni ndugu wa tumbo moja na lile gari kuukuu la rangi ya majani linalopakiwa magunia kule Ng'ambo, watakucheka. Si mzaha. Zote mbili zatoka katika kampuni moja. Nimeona vyema nieleze jinsi ndugu hawa walivyoachana njia, kwa kuwa habari yao ni habari ya barabara zetu pia.

Tuanze na jina. Neno "Rover" maana yake ni mzururaji, mtu asiyetulia mahali pamoja, na kwanza lilipewa baiskeli. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry huko Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Kabla yake watu walipanda baiskeli yenye gurudumu la mbele refu mno, na aliyeanguka alianguka kwa kichwa. Basi baiskeli zote zinazobeba mkaa na kuni hapa Tabora ni vitukuu vya ile ya Starley. Hata leo Wapolandi huita baiskeli "rower". Kampuni hiyo ilianza kuunda motokaa mwaka 1904, motokaa tulivu za watu wenye kazi za heshima. Hakuna aliyewaza habari ya matope.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyogeuza mambo. Coventry ilipigwa vibaya kwa mabomu mwaka 1940, na vita vilipokwisha kampuni ilihamia Solihull, katika kiwanda kilichokuwa kikitengeneza sehemu za injini za ndege. Chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza. Serikali ilikigawa kwa kipimo, na waliopewa kwanza ni wale walioweza kuuza bidhaa zao nchi za nje ili kuleta fedha za kigeni. Rover hawakuwa na kitu kikubwa cha kuuza nje. Walichokuwa nacho ni kiwanda kikubwa na wafanyakazi wengi wasio na kazi ya kutosha.

Sasa, mkuu wa mainjinia wa kampuni, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, pwani ya Wales. Shambani alitumia jipu kuukuu la Kimarekani lililobaki baada ya vita. Jipu ndilo gari lililoundwa kwa ajili ya jeshi la Marekani tangu mwaka 1940, na viwanda vya Willys na Ford vilitoa zaidi ya magari 600,000 ya aina hiyo kabla ya vita kwisha. Lake lilianza kuchakaa, na hakuona gari la Kiingereza la kushika mahali pake. Yasemekana alimchorea nduguye Spencer, aliyekuwa meneja mkuu wa Rover, umbo la gari jipya kwenye mchanga wa ufukoni. Kama mchoro ule ulikuwapo kweli, maji ya bahari yaliufuta zamani. Lakini hapana shaka kwamba mwaka 1947 waliunda gari la kwanza la majaribio juu ya fremu ya jipu la Kimarekani, na usukani wakauweka katikati kama wa trekta. Gari lenyewe lilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bei yake ilikuwa pauni 450.

Lilikusudiwa kuwa kazi ya miaka michache tu, mpaka chuma kipatikane na kampuni irudie motokaa zake za heshima. Kwa kuwa chuma hakikupatikana, bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, yaani jamaa ya madini ya masufuria yetu ya jikoni, ambayo hayaliwi na kutu. Kwa kuwa mashine za kukunja bati kwa mizunguko ni ghali, bodi ilikatwa bapa, kama sanduku. Na kwa kuwa rangi nayo ilikuwa shida, ya kwanza yalipakwa kijani kilichobaki kwenye akiba za jeshi. Wengi hudhani umbo lile ni mtindo uliochaguliwa. La, ni umaskini wa wakati ule. Lakini umaskini huo ndio uliolifaa Afrika, kwa maana bati bapa likibonyea, fundi yeyote mwenye nyundo hulinyosha chini ya mwembe.

Yafaa pia nieleze siri ya gari hili, maana wenzangu hulisifu bila kujua. Motokaa ya kawaida hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu mawili tu. Moja likizama topeni, huzunguka bure na gari limekwama. Land Rover yaweza kuyasukuma magurudumu yote manne kwa pamoja, hivi kwamba ya nyuma yakiteleza, ya mbele huvuta. Tena ina gia nyingine za chini, zinazopunguza mwendo na kuzidisha nguvu, hata dereva aweza kupanda ukingo wa mto kwa mwendo wa mzee anayetembea na fimbo. Na zile namba zinazotajwa na mafundi, 88 na 109, si namba za injini. Ni urefu kwa inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma. Aina hizo mbili zilianza mwaka 1956, na ile ya 109, ambayo ni kama mita 2 na sentimita 77, ndiyo iliyozoeleka kwetu kuliko zote.

Ili kufahamu kwa nini gari hili lilipokewa vile, kumbukeni njia yetu ilivyokuwa. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Kazeh, hapa Unyanyembe, mwezi wa Novemba. Mizigo ilikuja kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi walisifika kuliko wote katika kazi hiyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikamaliza kazi ya misafara. Lakini reli ni mstari mmoja. Aliyekaa ndani kabisa huko Sikonge au Urambo, katika misitu ya miombo na mbung'o, bado alitegemea miguu na baiskeli, na masika yakija hata baiskeli hubebwa na mwenyewe begani. Huko ndiko Land Rover ilikofanya kazi. Ilimpeleka bwana shauri kukusanya kodi, sitaki kulificha hilo. Lakini ilimpeleka pia daktari, bwana shamba, bwana nyama na padre, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ikawapeleka viongozi wetu wenyewe. Shangazi yangu mmoja alijifungulia ndani ya 109 ya misheni, katikati ya mvua, kabla ya kufika hospitali. Dereva alisimamisha gari, akashuka, akaketi chini ya mti mpaka alipoitwa. Mtoto yule sasa ni mwalimu.

Mwaka 1970 kampuni ilitoa Range Rover. Msidhani ilizaliwa ya anasa. Ile ya kwanza ilikuwa na sakafu ya plastiki iliyoweza kuoshwa kwa maji ya mpira, na wazo lilikuwa mkulima apate gari moja la kwendea shambani asubuhi na mjini jioni. Injini yake kubwa ya silinda nane ilitokana na ile ya Buick ya Marekani, ambayo Rover walinunua haki ya kuitengeneza. Polepole ngozi ikaingia vitini, zulia likaja sakafuni, bei ikapanda. Katika jambo hili Wamarekani walitangulia, maana Jeep yao iliyoitwa Wagoneer, ya mwaka 1963, ilikwisha kuonyesha kwamba tajiri naye atanunua gari la porini akitandikiwa vizuri.

Miaka hiyohiyo ndugu yake wa kazi alianza kuanguka kwetu. Kwa upande wao, Rover walikuwa wamemezwa na kampuni kubwa ya British Leyland mwaka 1968, na kampuni hiyo ilijaa migomo na madeni hata serikali ya Uingereza ikalazimika kuichukua mwaka 1975. Fedha iliyopatikana kwa Land Rover iliziba matundu ya motokaa nyingine zisizouzika. Kwa upande wetu, mafuta yalipanda bei mwaka 1973, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia spea. Gari lililotengenezeka kwa urahisi likasimama kwa kukosa kifaa cha shilingi chache. Mwanya huo ndio walioingia Wajapani na Toyota Land Cruiser. Hili pia ni jamaa ya jipu: lilianza mwaka 1951, wakati majeshi ya Marekani yalipokuwa yakipigana Korea na yakihitaji magari ya namna hiyo karibu nao. Injini yake ilikuwa na nguvu, nayo ilivumilia. Mashirika, hospitali na ofisi za serikali zikahamia huko moja baada ya moja.

Juu ya jambo hili nilimwendea fundi mmoja wa Ng'ambo, mzee aliyeanza kazi hii akiwa kijana kama sisi. "Shikamoo mzee," nikamwambia, "kati ya Land Rover na Toyota, ipi bora?"

"Marahaba. Mwanangu, Land Rover itakuharibikia leo, na leoleo utaitengeneza. Toyota haikuharibikii upesi, ila siku hiyo ikifika, uza ng'ombe." Kisha akafunua boneti ya 109 aliyokuwa akiishughulikia. Ndani mlikuwa na injini ya dizeli ya Toyota. Alisema mwenye gari alitaka hivyo, na kwamba magari mengi aliyobakiwa nayo ni ya namna hiyo. Bodi ilikuwa nzima. Chesisi, ambayo ni chuma, ilikuwa imeunganishwa kwa kuchomelewa mahali pengi nisipoweza kuhesabu.

Kampuni yenyewe ilipita mikononi mwa watu wengi. Wajerumani wa BMW waliichukua mwaka 1994, Wamarekani wa Ford mwaka 2000, na mwaka 2008 Ford wakaiuza pamoja na Jaguar kwa Tata wa India kwa dola milioni 2,300. Wazee walipenda sana habari hiyo ya mwisho, kwa kuwa India nayo ilitawaliwa na Mwingereza. Chini ya Tata jina limepanda cheo kabisa. Gari la zamani, lililokuwa limepewa jina la Defender mwaka 1990, lilitoka kiwandani Solihull kwa mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni mbili ya ukoo huo. Defender mpya ya mwaka 2019 yaundwa Slovakia. Ni gari hodari, sikatai, lakini limejaa kompyuta, na bei yake haimhusu mkulima wa tumbaku wa Kaliua. Wengine husema kampuni ilitutupa. Mimi naona tuliachana pande zote mbili: wao walifuata wenye fedha, nasi tukafuata gari lisilolala njiani. Na lami nayo inazidi kusogea. Sasa imefika Mpanda, na basi la kawaida laenda mahali ambapo zamani 109 ilifika ikiwa imepakwa tope mpaka juu.

Hata hivyo yaliyobaki hayatupwi. Mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover kutoka pande nyingi za nchi na nchi jirani zilikusanyika Arusha, kwa kusudi la kuivunja rekodi ya Wajerumani ya msafara mrefu wa magari hayo. Na mwezi wa Septemba 2025, wahalifu wa kompyuta walipoivamia kampuni kule Uingereza, viwanda vyake vilisimama kwa majuma kadhaa, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani. Kule Ng'ambo juma hilo walikuwa wakibadilisha springi za nyuma za gari moja la kubebea asali, ambalo lilitakiwa Sikonge siku ya Jumamosi.